Nahitajika kwenye meza ya briji na sijui hata kufungua mnada. Wajuzi wa karata njooni

BintiChumbageni
Salaam wakuu. Kwa yeyote aliyewahi kucheza briji, naomba msaada.

Niko Uingereza, nahudumia wazee kwenye nyumba ya malezi. Kuna wazee wanne walikuwa wakicheza briji kila baada ya chakula cha mchana. Mmoja wao amehamia karibu na mwanawe, na mchezo huu bila mtu wa nne haupo. Bibi mmoja, mwalimu wa hesabu mstaafu, ameniambia nina macho ya mcheza karata, kwa hiyo kiti kile nikalie mimi. Meneja naye karidhia, anasema kuwachangamsha wazee ni sehemu ya kazi.

Karata si ngeni kwangu. Nimekulia Tanga, albastini nimeicheza barazani kwa babu hadi taa inaisha mafuta. Turufu naijua, kufuata aina naijua. Kinachonishinda ni yale maneno wanayorushiana kabla hata karata moja haijalala mezani. "Moja kopa." "Pasi." "Mbili pau." Halafu aliyesema mbili pau wala hazitaki hizo pau! Nimeingia mtandaoni nikakuta majedwali juu ya majedwali, nimetoka kichwa kinagonga. Tena huko wanasema ukifungua na "moja bila turufu" uwe na pointi 15 hadi 17, bibi yangu anasema 12 hadi 14. Nani mkweli?

Nianzie wapi?

KijanaWaForodhani
Siti ya mbele, na kahawa yangu na kashata. Sisi wa wahedi wa sitini tunataka kujua kama huo mchezo una ujanja wowote au ni watu kunywa chai tu.

Nyundo_ya_Moro
Dada waambie wacheze last card, dakika tano mshajuana nani fundi. Briji mchezo wa wastaafu.

MwalimuShupaza
Binti yangu, salaam kutoka Mombasa. Mimi ni huyo mstaafu anayesemwa hapo juu, na briji nimeanza nikiwa kijana wa kusomesha Nairobi, ndevu hazijatoka vizuri.

Hayo majedwali yafunge kwanza. Watu wengi huingia briji kwa mlango wa mnada, wakakariri miezi, na siku wakikaa mezani hawajui watie karata gani. Wewe una bahati ya albastini: mkono wako umeshazoea kushika karata. Anza na kucheza. Mnada utakuja, na ukija utauelewa kwa sababu utajua unachonadi.

Sasa sikiza tofauti. Karata ni zote 52, kila mtu 13, wawili kwa wawili mnakaa mkitazamana. Kwenye albastini karata ina thamani yake: ukiila ree umekula 11, saba 10, mzee 4, ghulamu 3, bibi 2, na karata nyingine hazina kitu. Huku hakuna hesabu hiyo. Kinachohesabiwa ni mizunguko tu, 13 kwa jumla. Mzunguko uliokula kwa ree na uliokula kwa mbili ya turufu ni sawasawa. Na saba, binti yangu, saba huku ni saba tu. Iko juu ya sita na chini ya nane. Mpango ni ree, mzee, bibi, ghulamu, kumi, kushuka hadi mbili.

Ukikaa na hao wazee, waombe mcheze hivi kwanza, bila mnada. Kila mmoja ahesabu mkono wake: ree 4, mzee 3, bibi 2, ghulamu 1. Kwenye seti nzima zipo pointi 40. Kila mtu ataje zake kwa sauti. Upande wenye nyingi ndio unaoshambulia, na kati ya hao wawili mwenye nyingi zaidi ndiye anayecheza. Mwenza wake analaza karata zote mezani wazi. Anayecheza anaziangalia, anachagua turufu au anaamua bila turufu, anasema atakula mizunguko mingapi. Aliye kushotoni kwake anaanza. Basi. Huo ni mchezo kamili, unaitwa minibriji, na kuna shule za Ulaya zinaanza nao kwa watoto.

KijanaWaForodhani
Ngoja ngoja. Analaza karata zote mezani wazi watu waone? Mchezo gani huo mwalimu? Kwetu ukionyesha hata pembe ya karata unatolewa barazani.

MwalimuShupaza
Hapo ndipo penye utamu wote. Yule aliyelaza tunamwita bubu: hasemi, hachagui, anatoa anachoambiwa na mwenza wake. Bubu akishalaza, kila mchezaji anaona karata 26, yaani 13 zake na 13 za mezani. Zilizobaki 26 zimegawanyika kwa watu wawili, na kazi yako ni kujua nani ana nini. Ulisikia nani kanadi nini, nani kapasi, karata gani imetoka kwanza. Kila kitu ni habari. Mtu aliyefungua mnada kaahidi pointi 12. Ukishamuona katoa ree mbili na mzee mmoja, ni 11, basi bado ana angalau moja mahali. Unaitafuta.

Huwezi kukumbuka karata zote 52 na hakuna anayekutaka uzikumbuke. Anza kwa kuhesabu aina moja tu, ile turufu. Mna nane wewe na bubu? Basi wapinzani wana tano. Zinapotoka, hesabu zilizobaki kwao: tano, tatu, moja, kwisha. Ukizoea hiyo, ongeza aina ya pili.

BintiChumbageni
Mwalimu shikamoo, na ahsante sana. Nimemweleza bibi habari ya minibriji akacheka, kumbe hata yeye alifundishia wajukuu hivyo. Tumecheza mchana wote. Sasa nielezee mnada japo kidogo, maana wale wazee wawili wengine hawana subira kama bibi.

MwalimuShupaza
Marahaba. Haya, mnada.

Mnada ni mazungumzo ya watu wawili wasioruhusiwa kuzungumza. Maneno yake ni 15 tu: namba moja hadi saba, aina nne, "bila turufu", pasi, dabo (kupandisha bei ya mkataba wa wapinzani) na ridabo (kuipandisha tena). Humo ndimo mnatakiwa mwelezane mkono mzima. Ndiyo maana neno moja linabeba mzigo mkubwa kuliko linavyosikika.

Mizunguko sita ya kwanza ni kiingilio, haitajwi. Ukisema "moja kopa" unaahidi sita na moja, yaani saba, kopa ikiwa turufu. "Nne kopa" ni kumi. "Saba" ni yote 13. Kila dau lazima lipande juu ya lililopita, na ngazi ya aina inakwenda hivi kutoka chini: pau, uru, kopa, shupaza, na juu kabisa bila turufu. (Wa bara mnaosema maua na kisu, ndiyo hizo hizo pau na uru.) Wakipasi watatu mfululizo baada ya dau, dau hilo la mwisho ndilo mkataba.

Kwa nini mtu apande asitulie kwenye moja? Kwa sababu ya zawadi. Kila mzunguko juu ya sita una bei: pau na uru 20, kopa na shupaza 30, bila turufu 40 kwa wa kwanza na 30 kwa inayofuata. Ukinadi na kutimiza mkataba wenye bei ya 100 au zaidi unapata zawadi nono, 300, au 500 mkiwa upande ulio hatarini, yaani ule ambao katika mkono huo zawadi na adhabu zake zimepandishwa. Chini ya 100 zawadi ni 50 tu. Kwa hiyo tatu bila turufu inafika, ni 40 na 30 na 30. Nne kopa au nne shupaza inafika. Pau na uru lazima uende hadi tano, ndiyo maana watu wanazikwepa. Mfano: umekula mizunguko kumi kwa kopa. Kama mlinadi tatu, mnapata 170. Kama mlinadi nne, 420. Karata zile zile, uchezaji ule ule! Na ukinadi nne ukaishia tisa, wapinzani wanapata 50, au 100 mkiwa hatarini.

Kufika huko mara nyingi mnahitaji pointi 25 hivi kati yenu wawili. Kwa hiyo swali zima la mnada ni hili: tunazo 25, na tunapatana kwenye aina gani? Kupatana ni kuwa na nane au zaidi za aina moja kwa pamoja. Ukishika maswali hayo mawili, majedwali yote uliyoyaona mtandaoni ni njia mbalimbali za kuyajibu.

Kuhusu nani mkweli: wote. Kila jozi ina mfumo wake wa kuzungumza. Wamarekani, na programu nyingi za mtandaoni, hufungua moja bila turufu na 15 hadi 17, na wakifungua kopa au shupaza wanaahidi tano za aina hiyo. Waingereza wengi wamekulia mfumo unaoitwa Acol, ambao umetokana na jina la mtaa wa London palipokuwa na klabu yao kabla ya vita vya pili. Huko ni 12 hadi 14, na nne zinatosha kufungulia kopa. Bibi yako ni wa Acol. Fuata la bibi. Ukisoma ukurasa wowote angalia kwanza unazungumzia mfumo upi, la sivyo utachanganya lugha mbili ndani ya sentensi moja na mwenza wako atatoka jasho.

Nyundo_ya_Moro
Kwa hiyo ile "mbili pau" ya mtu asiyetaka pau ni nini? Dada aliuliza, na mimi sasa nimeingiwa na hamu, msinicheke.

MwalimuShupaza
Karibu barazani. Mwenza akifungua moja bila turufu, "mbili pau" ni swali: je, una nne za kopa au nne za shupaza? Naye anajibu. Inaitwa Stayman, jina la Mmarekani. Watu wamekubaliana kuitoa pau kafara kwa sababu mara chache mtu anataka kweli kucheza mbili pau. Hiyo ndiyo ya kujifunza kwanza katika hila za mnada. Nyingine zote waachie wazee kwa sasa. Nimeona wanafunzi wanajua hila ishirini na hawajui kuhesabu turufu.

Sasa nawaletea mkono mmoja tuuchambue. Binti ni Kusini, bibi ni Kaskazini. Natumia herufi zilizoandikwa kwenye karata: A ni ree, K mzee, Q bibi, J ghulamu.

Kaskazini (atakayekuwa bubu)
Shupaza 8 5
Kopa A 10 4
Uru K 6 4 2
Pau A 9 5 3

Kusini (wewe)
Shupaza A 6 4
Kopa K Q J 9 5
Uru A 7 3
Pau 8 2

Wewe una 14. Unafungua moja kopa. Bibi ana 11, kopa zake ni tatu na kwenye Acol hajui kama zako ni nne au tano, kwa hiyo anasubiri, anasema mbili pau. (Hii ni pau ya kweli, si lile swali, hakuna aliyefungua bila turufu.) Wewe unarudia mbili kopa: "ninazo tano, na sina nguvu za kuruka." Bibi sasa amejua kuna nane, anasema tatu kopa: "ninazo 11 hivi, una ziada?" Una 14, ndiyo juu kabisa ya ulichoahidi. Nne kopa. Pasi, pasi, pasi.

Magharibi anatoa mzee wa shupaza. Bubu analaza. USITIE KARATA. Hata kama ni wazi utakula na ree, usiguse. Hapa ndipo mchezo unapopatikana au kupotea. Hesabu kwanza: kopa tano, ree ya shupaza, ree na mzee wa uru, ree ya pau. Tisa. Unadaiwa kumi. Ya kumi iko wapi?

Nawaachia hadi kesho.

KijanaWaForodhani
Rahisi mwalimu. Toa turufu zote kwanza wapinzani wakauke, halafu uru itajipa. Ndiyo sheria ya baraza lolote.

MsomiWaHesabu
Uru mna saba, wapinzani wana sita. Zikikaa tatu kwa tatu, ya nne ya bubu inasimama. Lakini uwezekano wa sita kugawanyika tatu-tatu ni kama asilimia 36 tu. Nne-mbili ndiyo ya kawaida zaidi, kama asilimia 48. Watu hudhani namba shufwa itajigawa sawa kwa sawa, na sivyo. Namba witiri ndiyo yenye adabu: tano hugawanyika tatu-mbili asilimia 68. Kijana akitoa turufu zote anaweka mkataba mzima kwenye hiyo 36.

BintiChumbageni
Mimi nimeziangalia shupaza. Mimi ninazo tatu, bubu mbili. Nikila na ree halafu nikawapa moja, bubu hana tena shupaza. Ile yangu ya tatu naikata kwa turufu ya bubu. Ni ya kumi?

MwalimuShupaza
Ni ya kumi, na umeiona kwa jicho lile lile la albastini.

Kopa zako tano ungezila hata hivyo, kwa hiyo kukata kwa mkono wako mrefu hakuongezi kitu. Kukata kwa mkono mfupi wa turufu, wa bubu, kunaongeza mmoja mzima. Kwa hiyo: unakula na ree, papo hapo unatoa nne ya shupaza uwape. Wanakula. Tuseme ni wajanja, wanatoa turufu ili wapunguze za bubu. Unakula mkononi kwa mzee, bubu anatoa nne, bado anazo ree na kumi. Sasa sita ya shupaza, kata kwa kumi. Kwa nini kumi na si ree? Kwa sababu kumi haipigiki: kopa walizonazo wapinzani ni 8, 7, 6, 3 na 2. Halafu ree ya kopa, rudi mkononi kwa ree ya uru, maliza turufu zao, kula mzee wa uru na ree ya pau. Umewapa shupaza moja, uru moja, pau moja. Kumi kamili.

Kijana wa Forodhani, sheria ya baraza ya kutoa turufu ni nzuri na mara nyingi ndiyo sahihi. Ila ukitoa tatu hapa, bubu kakauka na wewe umekaa na shupaza mbili zisizo na pa kwenda. Uliza kila mara: bubu ana kazi gani na hizo turufu zake kabla sijazitoa?

KijanaWaForodhani
Nimepigwa bao mwalimu, tena na binti wa Tanga. Sasa swali langu la msingi. Kwetu mwenza akiwa na ree ya turufu anakohoa, akiwa na mzee anajikuna sikio. Je, kwenye briji tunakohoaje?

MwalimuShupaza
Hukohoi. Ukikohoa umeiba. Hata kusitasita muda mrefu halafu ukapasi ni habari, na mwenza wako haruhusiwi kuitumia. Makubaliano yote ya jozi ni ya wazi, mpinzani akiuliza "mbili pau maana yake nini?" lazima ajibiwe ukweli. Mashindanoni hata kusema hakuna, kuna kijisanduku cha kadi za mnada unachomoa tu. Mwaka 1975, kwenye ubingwa wa dunia uliofanyika kule Bermuda, wachezaji wawili wa Italia walikemewa kwa mambo ya miguu chini ya meza, ikabidi meza zizibwe kwa chini katikati ya mashindano. Juu ya meza tayari palikuwa na pazia la kuzuia wenza wasionane.

Mimi nasema baraza na briji ni ustadi wa aina mbili na zote nazipenda. Ila usizichanganye mbele ya wale wazee, watamfukuza binti kazi.

Baharia_Muscat
Assalaam aleikum. Mada nzuri, nimesoma yote. Huku Oman tuna wazee wetu wa Unguja wanapiga karata vizuri tu bila pesa. Ninachouliza, huu mchezo si kamari? Maana naona neno dau, naona zawadi.

MwalimuShupaza
Waaleikum salaam sheikh wangu. Hukumu ya dini muulize anayeijua, mimi nasema linalofanyika mezani. Zawadi ninazozitaja ni alama kwenye karatasi. Wapo watu wanaocheza kwa pesa, kama vile wapo wanaoweka pesa kwenye mpira, lakini klabu na mashindano makubwa hayaendeshwi hivyo. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliutambua kama mchezo mwaka 1999, na Michezo ya Asia ya 2018 kule Jakarta watu walivaa medali za briji.

Na kuna jambo jingine linaloutenganisha na bahati. Mashindanoni karata zikishagawiwa zinawekwa kwenye kibao chenye mifuko minne, kila mtu baada ya kucheza anazirudisha 13 zake mfukoni, kibao kinahamia meza nyingine. Wanaokaa Kaskazini-Kusini meza ya pili wanapata mikono ile ile uliyoshika wewe. Mwisho mnalinganishwa. Ukipewa karata mbovu, na wao walipewa mbovu hizo hizo. Ukipoteza 50 pale wenzako walipopoteza 300, umeshinda. Hakuna pa kusingizia mgao.

Nyundo_ya_Moro
Hiyo ya kibao imenimaliza. Last card nikishindwa nasema karata mbaya, hapo nitasema nini? Nafanyia mazoezi wapi mtu wa Morogoro asiye na klabu wala bibi wa Kiingereza?

MsomiWaHesabu
Bridge Base Online. Unajiandikisha bure, unakaa meza ya mazoezi na roboti watatu, hakuna wa kukununia. Kumbuka tu roboti wale wanazungumza mfumo wa Kimarekani, tano za kopa na 15 hadi 17. Ukiwa na data ya kubahatisha, usiingie meza ya watu: mtandao ukikatika katikati ya mkono wanakusema vibaya.

Pia usitishwe na ukubwa wa mchezo. Mkono wako mmoja wa karata 13 unaweza kuwa wowote kati ya 635,013,559,600. Hakuna anayekariri hapo, hata bingwa anafikiri upya.

BintiChumbageni
Mwalimu, narudi na swali jipya. Leo tulikuwa na tatu bila turufu, mimi ndiye nacheza. Magharibi akaanza shupaza. Nilikuwa na ree na ndogo mbili, bubu ndogo mbili. Nilitaka kula mara moja, bibi ambaye ndiye bubu akakunja uso mpaka nikaogopa (najua, bubu hasemi, lakini uso wake unasema). Kulikuwa na kosa gani kula na ree? Si ni yangu?

KijanaWaForodhani
Bubu wako anaiba huyo 😂 Ila hata mimi ningekula. Ree huachi.

MwalimuShupaza
Mwambie bibi uso auweke chini ya meza. Ila alikuwa na haki.

Mnazo tano za shupaza, wapinzani nane. Magharibi kaanza nazo, basi huenda anazo tano na mwenzake tatu. Bila turufu hakuna wa kukuokoa: ukishatumia ree, shupaza zote zilizobaki kwao ni zao. Na ili ufike tisa lazima mahali fulani uwape mzunguko, tuseme uru unayoijenga, na anayeila ni Mashariki.

Ukila mara moja, Mashariki akishika uru bado ana shupaza mbili mkononi. Anamrudishia mwenzake, na Magharibi anamimina nne. Nne na uru moja ni tano, umeanguka.

Sasa usile. Wa kwanza waachie, wa pili waachie, wa tatu ndiyo weka ree. Mashariki alikuwa nazo tatu, zimekwisha. Akishika uru, anatafuta shupaza ya kurudisha hana. Magharibi kakaa na shupaza mbili nzuri na hana njia ya kuingia. Umepoteza shupaza mbili na uru moja, unakula kumi iliyobaki ukiwa na karata zako.

Na kama zilikuwa nne kwa nne? Mashariki anayo moja ya kurudisha, ndiyo, lakini jumla wanakula tatu za shupaza na uru moja. Nne. Bado una tisa zako.

Kuna hesabu ya haraka ya kujua uwaachie mara ngapi: chukua saba, toa idadi ya karata za aina hiyo ulizonazo wewe na bubu. Mna tano, basi mara mbili. Mngekuwa na sita, mara moja. Inafaa ukiwa na kizuizi kimoja tu kama hiyo ree. Ukiona wapinzani wana aina nyingine wanayoweza kukuumiza nayo zaidi, usikae ukiachia, kula uondoke.